Hati Yangu ni Majirani

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, nikagongewa mlango. Baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua wenyewe, ile ya kulala na soksi na sweta juu. Nikajisemea huyu atakuwa dalali tu, maana ndio wasiolala. Kumbe ni mjumbe wetu, mama mtu mzima, kajifunga kitenge mabegani na daftari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumefiwa, nyumba ya tatu kutoka hapa. Rambirambi elfu mbili, na saa nne vijana tunawataka kwenye viti na turubai."

Nikatoa elfu mbili, jina likaandikwa, saa nne nikaenda kubeba viti. Zamani nisingekwenda. Ningetoa hela, nikafunga mlango, nikarudi kitandani. Leo naomba niwasimulie wadau kilichonibadilisha, maana sio wokovu wala sio uzee. Ni kiwanja.

Tuanzie Iringa. Nilipokuwa nasoma nilipanga Kihesa, kama wanachuo wengine wengi. Mji ule vyuo vimeubadilisha sana. Tumaini ilikuwepo toka miaka ya 90, halafu mwaka 2005 peke yake vikaanza viwili, Mkwawa kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Ruaha cha Wakatoliki. Mabweni hayakutosha, wanafunzi wakamwagika mitaani. Wenye nyumba nao sio wajinga. Palipokuwa na mahindi na banda la kuku nyuma ya nyumba pakaota vyumba vya mlolongo, mlango baada ya mlango, choo kimoja mwishoni.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima, dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake, na huna pa kulalamika. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, mwaka uleule wa vyuo, kwa hiyo kodi ni makubaliano yenu wawili. Na makubaliano kati ya mwenye nyumba na kijana mwenye begi moja na godoro mgongoni mnajua yanavyokwenda.

Tulikuwa tisa kwenye nyumba ile. Muhula ukiisha wanne wanahama, wanne wanaingia. Majina ya jirani wa mbele sikuwahi kuyajua. Siku moja mzee wa nyumba ya pili akafariki. Tuliona turubai, tukasikia kwaya, sisi tukapunguza sauti ya redio tukaona tumefanya ustaarabu mkubwa! Jioni mama mwenye nyumba akatuita uani, hakugomba, akatuambia taratibu tu: "Wanangu, mmepanga vyumba. Mtaa hamjaupanga."

Tukacheka tulipofika geto. Mimi nilicheka kuliko wote.

Baada ya chuo kazi ikanileta Mbeya, kilomita kama 330 kwa basi, unapita Mafinga, Makambako, Igawa, ndio unaiona milima ya Mbeya. Nikapanga chumba na sebule kwenye mtaa mmoja wa pembezoni upande wa Uyole. Jina la mtaa nitalihifadhi, mtaona kwa nini. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, wapangaji sita, LUKU moja.

Aliyewahi kukaa nyumba ya LUKU moja haitaji kuelezwa! Mwenye pasi anatazamwa vibaya, mwenye friji ndio usiseme. Agosti 2021 kodi ya majengo ilipoanza kukatwa humohumo kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tulifanya kikao uani mpaka saa nne usiku. Kodi ni ya mwenye jengo, anayekatwa ni anayenunua umeme, na anayenunua umeme ni sisi. Mwaka 2023 ilipopandishwa ikafika 1,500 tukafanya kikao kingine. Hela yenyewe ndogo, ukigawa kwa sita haifiki hata bei ya chapati mbili. Ila iliniuma. Nikaona nalipia kodi jengo ambalo sina hata tofali, na kesho nikiambiwa hama nahama. Ndipo nikaamua, na mimi nitafute changu.

Sasa soko la viwanja la pembezoni mwa Mbeya liko hivi. Viwanja vilivyopimwa na Jiji vipo, ila bei yake inamtaka mtu aliyekwisha kujipanga. Vilivyobaki ni mashamba. Familia ina shamba la mahindi na viazi la tangu babu, mtoto anakwenda chuo au mtu anaumwa, wanakata kipande wanauza. Kipimo ni hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, na dalali mwenye miguu mirefu ni wa muuzaji au wa mnunuzi kutegemea nani kamlipa. Ndio maana ukipanda juu kidogo unaona mahindi, halafu nyumba, halafu rundo la tofali lililoota nyasi, halafu mahindi tena. Watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, ya 2022 ikahesabu 541,603. Iringa Manispaa nako walitoka 151,345 wakafika 202,490. Hawa wote wanalala mahali, na wengi hawalali kwenye ramani ya mipango miji.

Nikapata kiwanja, milioni tatu na nusu, na kinyumba cha vyumba viwili kwa ndani kimefungwa kufuli. Muuzaji, baba mmoja mpole sana, akasema kile alikuwa anakaa mpangaji, kahama. Dalali ana haraka: "Kaka, kuna mtu wa Tunduma anakuja kesho na keshi." Akataka tuandikishane siku hiyohiyo pale steshenari, mashahidi wangepatikana hapohapo. Mimi nilikuwa tayari. Hela ipo, kiwanja kizuri, kinaona mlima Loleza kwa mbali. Kilichonichelewesha ni kwamba mjumbe wetu, yule mama wa daftari, alinipita njiani na dalali akaniuliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia akasema, mwanangu, kiwanja hakinunuliwi steshenari. Kinanunuliwa palepale kilipo, na majirani wa pande zote nne wamesimama kwenye mipaka yao.

Basi Jumapili tukasimama. Majirani wa pande nne, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, dalali kanuna. Karatasi imeandikwa vizuri, fulani kamuuzia fulani, mashariki amepakana na fulani, magharibi njia. Jirani wa upande wa juu, mzee ambaye nilikuwa nimekutana naye mara moja tu, akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akamuuliza muuzaji: "Mwenzio anajua?"

Kimya.

Mke wa yule baba alikuwa yuko kwao Kyela anamuuguza mama yake, mwezi wa tatu huo. Kinyumba kile cha vyumba viwili hakikuwahi kuwa na mpangaji. Ndimo alimolelea watoto wanne.

Kwa wasiojua, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Yule mama angerudi, angekwenda baraza la ardhi, na mimi ningebaki na karatasi ya steshenari na mashahidi wawili waliokuja kutoa fotokopi. Milioni tatu na nusu, akiba ya miaka minne ya mshahara wa mwandishi wa habari, ambao nao mnaujua.

Mauzo yakafa palepale. Jioni nikamfuata yule mzee kumshukuru. Nikamkuta anawasha jiko la mkaa. Nilitegemea ataniambia amefanya hivyo kwa sababu ni haki. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayageuzageuza kichwani.

"Mimi na yule bwana tumesoma darasa moja. Ungekuwa mgeni ningenyamaza, ningesema yatajulikana mbele. Lakini wewe nilikuona siku ya msiba wa mke wangu, ulichota maji."

Nilichota maji kweli. Na niseme ukweli, nilichota kwa sababu mjumbe alinikuta nje sina pa kujificha! Madumu matatu ya maji. Hayo ndiyo yaliyonilindia milioni tatu na nusu.

Hapa kuna raha yake na kuna uchungu wake, tusidanganyane. Raha ni kwamba mtaa usio na hati una hati ya namna yake, nayo ni vichwa vya watu. Nani alipanda mwiba ule wa mpaka, nani alimuuzia nani mwaka gani, mtoto yupi ni wa mke yupi. Serikali haina faili hilo. Mzee mwenye jiko la mkaa analo. Uchungu ni kwamba faili hilo linafunguliwa kwa anayejulikana tu. Mgeni, au dada anayejitafutia kiwanja peke yake, au kijana aliyehamia juzi, anaweza kutapeliwa mchana kweupe huku watu wema wakitazama pembeni. Na mzee naye akifa, faili linazikwa naye. Nusu ya migogoro ya ardhi ninayoiandika kazini huanzia makaburini, mashahidi wameondoka, watoto wanaanza kunyooshea vidole mti ambao ulishakatwa.

Kwa hiyo karatasi nayo inatakiwa, na inatakiwa mapema. Hili tumewahi kulijua. Miaka ya 70 mpaka mwanzoni mwa 80 Serikali kwa fedha za Benki ya Dunia ilipima maeneo matupu pembezoni mwa miji, ikachora barabara, ikaweka maji, watu wakajenga wenyewe kadiri ya mfuko. Kwingine ikaboresha mitaa iliyokwisha kujengwa holela. Mbeya ilikuwa awamu ya kwanza pamoja na Dar na Mwanza, Iringa ikaingia awamu ya pili. Wachumi walioifuatilia mitaa hiyo mpaka kwa picha za satelaiti, wakachapisha matokeo mwaka 2021, walikuta kwamba pale palipopimwa kabla ya kujengwa nyumba zimekuwa bora na mitaa imenyooka hata baada ya miongo kadhaa. Palipoboreshwa baada ya watu kujibana hapakuonyesha faida hiyo. Yaani njia ikiachwa wakati bado kuna mahindi, inabaki. Ukisubiri kuta ziinuke, utabomoa au utapita kwa ubavu.

Mtaani kwetu kuta zimeanza kuinuka. Ndio maana mwezi uliopita tuliitiwa mkutano wa urasimishaji. Wananchi wachange, mpima aje, kila mmoja aachie kipande cha njia, halafu hati zitafutwe. Mwenyekiti akaanza kwa kusema wapangaji wakae pembeni, hili ni la wenye mji. Nikainuka kuondoka. Mjumbe akasema huyu mwandishi abaki, atuandikie muhtasari. Basi nikabaki, kalamu mkononi, nikiandika maamuzi ya ardhi isiyo yangu.

Jamani, kila mtu anaitaka barabara, ila ipite kwa jirani! Huyu ana choo, yule ana kaburi la mama yake, mwingine msingi kaumwaga juzi. Saa mbili tunazunguka palepale. Ikafika zamu ya mjumbe. Mchoro unapita kwenye mparachichi wake, mti wa zamani, unaolipa ada ya mjukuu kila msimu. Watu wote wakamtazama. Akakaa kimya muda mrefu, akajirekebisha kitenge, akasema, "Gari la wagonjwa halikufika kwa mzee kwa sababu ya njia. Kateni."

Mzee ni yule wa jiko la mkaa. Mkewe alibebwa kwa kitanda mpaka barabara kubwa. Sikuwa nalijua hilo, na nilichota maji kwenye msiba wake.

Baada ya hapo wengine nao wakaanza kuachia, mmoja mita moja, mwingine mbili. Sio wote, mwenye msingi bado anagoma mpaka leo. Niliandika yote kwenye muhtasari, na kwenye mahudhurio nikaandika jina langu la mwisho kabisa, na pembeni "mpangaji".

Kiwanja bado sijapata. Hela ipo benki, LUKU tunachangia bado. Mparachichi ulikatwa Jumanne, tukagawana kuni nyumba hata nyumba, mimi na wapangaji wenzangu tukaletewa fungu letu. Jumamosi iliyopita, wakati tunapanga viti vya msiba, yule mzee akaniita pembeni, akanionyesha kwa fimbo kipande cha shamba upande wa chini. Akasema wenyewe wanataka kuuza mwakani, mume na mke wote wawili wameridhia, na njia imeshaachwa.

Nikamwambia nitangoja mwakani.

Nyie wadau wa Kihesa, Ipogolo, Isyesye, Iwambi na kwingineko, hebu niambieni, jirani yako wa upande wa kushoto anaitwa nani?