Gesi Haiishi, Inavuja

Wapenzi wasomaji, mmezoea kunisoma nikichambua mapenzi ya watu wengine. Mwezi huu ni zamu yangu, na kisa chenyewe kilianzia kwenye AC ya gari.

Mimi na mume wangu tunatumia gari moja. Asubuhi tunatoka Tegeta pamoja, jioni ananipitia kazini Posta tunarudi. Wanaoijua Barabara ya Bagamoyo wanajua foleni yake. Kwetu sisi foleni ile ndiyo ilikuwa baraza. Nyumbani kuna watoto, dada wa kazi, wageni na televisheni. Ndani ya gari tuko wawili, vioo juu, AC inapuliza, tunapiga stori mpaka tunajisahau.

Basi bwana, mwaka jana mwezi wa pili, joto la Dar si mnalijua, AC ikaanza kupuliza hewa ya moto. Baba Junior akaenda kujaza gesi kwa sh. 50,000, gari likawa friji. Baada ya wiki tatu, moto. Akajaza tena. Wiki mbili, moto tena! Ikabidi tushushe vioo. Vumbi, moshi wa malori, honi za bodaboda, wauza maji na karanga dirishani. Ukitaka kusema kitu mpaka upaze sauti, na neno la kupaza sauti hata liwe zuri vipi linasikika kama ugomvi. Nikawa nafika nyumbani nimelowa jasho na nimenuna. Stori zikafa.

Alipojaza mara ya tatu nikamuuliza, "Baba Junior, hii gesi inakwenda wapi?"

Akanijibu kwa ukali, "Inaisha kama petroli. Mambo ya magari huyajui, Mama Junior."

Nikanyamaza. Lakini shosti, nilinyamaza mdomo tu.

Aliposafiri kwa basi kwenda msibani Morogoro, nikalipeleka gari kwa fundi mwingine, wa AC peke yake. Kabla hajashika chochote akaniuliza: hewa inatoka kwa nguvu lakini si ya baridi, au inatoka kidogo? Ikitoka kidogo, mara nyingi ni filta ya ndani imeziba vumbi, ile inayokaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Akauliza tena: inapoa ukiwa kwenye mwendo na kuchemka kwenye foleni? Ingekuwa hivyo, angeanza na feni ya kule mbele. Nikamwambia hapana, inapuliza kwa nguvu, ila ni moto muda wote.

Akafungua boneti, akaniambia niwashe AC. "Sikiliza, dada. Kompresa ikishika utasikia 'ka!'" Tukasubiri, kimya. Akaniambia ipo swichi inayopima presha ya gesi. Gesi ikipungua sana inaizuia kompresa isiwake, maana oili ya kuilainisha husafiri pamoja na gesi. Ikizunguka bila oili, inakufa.

"Ila mume wangu ameshajaza mara tatu," nikamwambia.

"Dada, gesi ya AC haiunguzwi kama petroli. Inazunguka humo humo kwenye mabomba. Kwa miaka mingi inaweza kupungua kidogo, lakini ikiondoka kwa wiki tatu ujue inavuja."

Akaweka gesi kidogo pamoja na rangi maalumu, akasema nirudi baada ya siku mbili. Niliporudi akamulika na taa yake ya zambarau. Pembeni ya kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, pakang'aa kijani. Hata bila taa palikuwa na alama ya oili iliyoshika vumbi. Kutibu kweli ilibidi kubadilisha kondensa, oringi na draya, kufyonza hewa yote na unyevu kwa pampu, ndipo ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Jumla sh. 350,000.

Baba Junior aliporudi nikamkaribisha na ripoti yangu, kifua mbele. Nilitegemea anishukuru. Akakaa kwenye kochi, akasema taratibu, "Najua kuwa inavuja. Fundi aliniambia tangu mara ya kwanza."

Nikaduwaa. Sasa kwa nini kutupa 150,000?

"Kwa sababu 50,000 nilikuwa nayo."

Ndipo nikasikia yote. Ofisini kwao walikatwa mshahara nusu tangu Desemba. Miezi mitatu alikuwa anaziba pengo kwa kukopa huku na huku, na mimi nakaa naye kiti cha pembeni kila siku sijui. Akaniambia kitu kingine kilichonichoma zaidi: kwamba nilipoanza kununa kwenye gari, aliona akiniambia na hilo la mshahara nitamdharau kabisa. Na mimi badala ya kumuuliza, nikamzunguka kwa fundi nyuma ya mgongo wake. Nililia, sina haja ya kuwaficha.

Hatukutengeneza AC mwezi ule. Tulipiga hesabu, tukalipa kwanza madeni, kisha tukadunduliza. Miezi miwili tuliendesha vioo chini, jasho linatiririka, ila tunaongea. Kwa kupaza sauti, lakini tunaongea! Siku kondensa mpya ilipofungwa na ile 'ka!' ikasikika, mume wangu alinitazama tukacheka kama wachumba.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, ukiambiwa gesi imeisha, usikubali kujaza kabla ya kuonyeshwa inapovujia. Isitoshe, gesi hiyo ikitoka angani inachangia joto la dunia kuliko hewa ya ukaa, kilo kwa kilo, zaidi ya mara 1,000. Na mwenzako akianza kukujibu kwa ukali kwa jambo dogo kama AC, muulize kwa upole kuna nini. Mimi nilichelewa miezi mitatu.

Tukutane mwezi ujao.