Barua kutoka Brisbane: Kitanda na Kibarua



Huko nyumbani, kijana mgeni mwenye begi kubwa mgongoni ni mtu wa kupita. Anaonekana Mji Mkongwe, kesho yuko Lamu, keshokutwa hayupo. Huku Australia begi hilohilo huwa ni la kibarua. Mwenye begi ameingia kwa viza ya likizo na kazi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo leo hupewa vijana wa miaka 18 hadi 30, na wa mataifa machache hadi 35. Viza ni ya mwaka mmoja. Anayetaka mwaka wa pili kwa kawaida hudaiwa miezi 3 ya kazi maalumu za mikoani, aghalabu za shamba. Vijana wenyewe huziita siku 88, na wanazihesabu kama mfungwa anavyohesabu kifungo. Tangu Julai 2019 unapatikana hata mwaka wa tatu, kwa miezi 6 ya kazi. Ndiyo maana miji midogo kama Bundaberg, kwenye nyanya na viazi vitamu, au Tully, kwenye migomba, ina hosteli ambazo wageni wake hukaa majira mazima ya mavuno.

Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa sana maisha ya humo. Vitanda ni vya deka, chumba ni cha watu sita, wanane au zaidi, na faragha ni kanga au taulo lililoning'inizwa kwenye kitanda cha chini. Jikoni kila mfuko wa chakula una jina la mwenyewe. Buti zenye udongo hubaki mlangoni, na alfajiri gari linapiga honi. Kisha kuna jambo ambalo bweni la shule halina: ubao, au siku hizi ujumbe wa simu, unaotaja nani kesho anakwenda shamba gani. Mwenye hosteli ndiye anayezungumza na wakulima, ndiye anayejua leo wanatakiwa vibarua wangapi, na mara nyingi gari ni lake. Kodi hulipwa kwa wiki, kazi iwepo isiwepo. Mvua ikinyesha siku tatu hakuna anayechuma, lakini wiki ya kodi haijui mvua.

Ninachotaka kukisema ni kwamba kitanda na kibarua havifai kushikwa na mkono mmoja, hata mkono huo ukiwa wa mtu mwema. Kijana akilalamikia godoro anaogopa jina lake litakosekana kesho. Akilalamikia ujira anaogopa kukosa pa kulala. Juu ya hofu hizo mbili zimekaa zile siku 88, kwa sababu atakayehama atalazimika kuanza upya kutafuta shamba huku mwaka wa viza ukiyoyoma. Mwaka 2016 mamlaka ya serikali inayosimamia haki za kazini ilichunguza hali ya wenye viza hii, ikakuta baadhi wametoa fedha ili wapate kazi, na wengine wamemlipa mwajiri ili awathibitishie siku zao. Novemba 2021 tume ya kazi iliamua kwamba kibarua wa shamba anayelipwa kwa ndoo anazojaza asipungukiwe kima cha chini cha saa, na uamuzi ukaanza kutumika Aprili 2022. Ni ushindi mkubwa, nami naupongeza kwa moyo wote. Lakini kima cha saa hakisemi utapewa kazi ya saa ngapi. Anayepewa nusu siku mara mbili kwa wiki atalipwa kihalali, kisha fedha yote itarudi kwenye kodi.

Upo upande mzito zaidi. Tarehe 23 Juni 2000 hosteli ya wachuma matunda iliteketea katika mji wa Childers, na vijana 15 wakafa. Moto ulichomwa na mtu, naye alihukumiwa. Sisemi mfumo wa vibarua ndio uliowasha kiberiti. Lakini king'ora cha moto kilikuwa hakifanyi kazi, na jimbo la Queensland likalazimika kutunga sheria mpya ya usalama kwa nyumba za malazi ya bei nafuu. Sheria ni ya lazima, ila mkaguzi hawezi kulala humo kila usiku. Anayelala humo ni mpangaji, na huyo ndiye anayepaswa kuwa huru kuuliza kwa nini king'ora kimenyamaza.

Nitajibiwa kwamba bila hosteli hizi kijana asiye na gari hafiki shambani, wala miji hiyo haina nyumba za kupanga za kutosha. Ni kweli, na tena urafiki unaozaliwa katika majiko hayo ni wa thamani. Hosteli zibaki, kinachotakiwa ni kazi itangazwe na chombo kingine, na kodi isiwe sharti la kuitwa. Wengine watauliza kwa nini Mwafrika awalilie hawa, wakati viza yao haitolewi kwa raia wa nchi hata moja ya Afrika, na wakichoka wana nyumbani pa kurudi. Nawalilia kwa sababu tunaujua mpango huu. Manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga walilala kambini kwa mwenye shamba yuleyule aliyewahesabia kazi. Dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba hulala ndani ya nyumba ya mwajiri, na ugomvi wa mshahara huwa papo hapo ugomvi wa pa kulala. Kama kijana wa Ulaya mwenye pasipoti inayofungua milango mingi anaweza kunyamazishwa kwa kitanda, basi pasipoti si kinga tunayoidhania. Na si wao tu: hapahapa Australia, vibarua wa visiwa vya Pasifiki huandaliwa malazi na mwajiri, na kodi hukatwa kwenye mshahara.

Fundo hili la kitanda, kibarua na siku 88 linafungulika. Tangu Julai 2024 Mwingereza hupata mwaka wa pili na wa tatu bila kudaiwa siku hata moja ya shamba, kutokana na mkataba wa biashara kati ya nchi yake na Australia. Mfaransa na Mkorea walio chumba kimoja naye bado wanahesabu.