Ronaldinho Alifungwa Pia

 

Leo sina mahubiri. Nina jambo linalonisumbua tangu Jumapili.

Kuna kijana wetu wa bodaboda, steji yake iko upande wa Bukhungu. Simu yake imejaa video za Ronaldinho. Yule Mbrazili alitangaza kuacha mpira mwaka 2018, lakini Instagram anafuatwa na watu zaidi ya milioni 70. Kijana huyu alikuwa ananyonya wakati Brazil inabeba Kombe la Dunia 2002!

Baada ya ibada nilimkuta nje anatazama, nikaanza kumhubiria. Umaarufu wa dunia ni mvuke, kijana wangu. (Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilimpenda sana. Mwaka 2005, nikiwa chuo cha Biblia, tulijazana kwenye kibanda cha video tukamwona akifunga mawili Bernabéu mpaka mashabiki wa Real Madrid wakasimama kumpigia makofi. Sisi pia tulisimama. Mkuu wa chuo hakujua.)

Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pasta, unajua huyu alifungwa?"

Nilijua juujuu. Yeye alijua yote. Machi 2020 alikamatwa Paraguay pamoja na ndugu yake kwa pasipoti bandia. Akakaa gerezani siku 32, akatimiza miaka 40 humo humo ndani. Wafungwa wakamwingiza kwenye mashindano yao, timu yake ikashinda, zawadi ikawa nguruwe. Kijana alicheka sana hapo kwenye nguruwe. Kisha wakalipa dhamana ya dola milioni 1.6, wakazuiliwa hotelini hadi Agosti.

"Na watu hawakumwacha, Pasta."

Nikanyamaza. Wengine wenu mnajua kwa nini. Mwaka jana kijana huyu alishikwa na pikipiki aliyouziwa, kumbe logibuku ilikuwa bandia. Alikaa rumande wiki tano kabla kesi kuondolewa. Siku ya pili tu jina lake lilitolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya vijana. Aliyelitoa ni mimi. Nilisema nalinda ushuhuda wa kanisa. Na mwezi huo huo nilihubiri Mathayo 25, ile ya kuwatembelea wafungwa, nikaweka video hapa, nikawa nafungua simu usiku kuhesabu ni wangapi wametazama. Mama yake alikuwa anapanda matatu kumpelekea sabuni, Jumapili anaketi kiti cha nyuma. Sikumuuliza hata nauli.

Kijana hakunilaumu. Aliuliza tu kama anaweza kurudi kwenye kinanda. Halafu abiria akaita, akavaa helmeti akaenda.

Jana jioni nilienda kwao. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama hakusema mengi, aliniwekea chai na viazi vitamu. Jina limerudi kwenye grupu, na kinanda ni chake. Nanyi naomba mnisamehe, kwa sababu mlinyamaza mkinifuata mimi.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana kanisani twende gereza la Kakamega. Leteni sabuni, tishu, na sodo kwa upande wa akina mama. Kijana ameuliza kama kuna mtu ana mpira ambao hautumii. Aniandikie inbox.