FOO-WILI HAIONGEZI BREKI



Theluji sisi huitazama kwa mbali tu, ukiwa Taveta na Kilimanjaro imefunguka. Utelezi wetu ni udongo mwekundu wa milima ya Taita, mvua za Machi hadi Mei zikinyesha. Kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi unapanda kwa lami. Ukiiacha lami kuingia vijijini, hapo ndipo gari hupimwa.

Wengine husema, "Pasta, hili ni foo-wili, halikwami." Kwa kupanda, ni msaada kweli: injini inazungusha magurudumu yote manne. Lakini kwa kusimama? Hata Probox ina breki kwenye magurudumu manne. Kinachoshika ardhi ni tairi. Tairi likiwa kipara, hakuna foo-wili itakayokusimamisha. Wengi hupanda vizuri, wakajiamini, kisha kona ya mteremko ikawashinda.

Mpendwa, kipawa nacho ni hivyo hivyo. Kinakupandisha: unaomba, unahubiri, watu wanaitikia amina. Je, hasira ikiwaka nyumbani, unaweza kusimama? Pesa za watu zikiwa mkononi mwako, unaweza kusimama? Soma Wagalatia 5:22-23. Tunda la Roho linamalizikia kwa kiasi. Hiyo ndiyo breki. Usijipime kwa mlima uliopanda. Jipime kwenye mteremko.

Na ninyi mnaopanda milimani kwa kesha Ijumaa: kagueni tairi, shukeni polepole kwa gia ndogo, msimfuate mwenzenu karibu karibu. Jumapili tunawataka ibadani mkiwa wazima.

Andika AMINA, umtumie dereva wako.