Umri wa kwenye gemu na mtoto aliyesubiri Babu aamke

Mzazi ambaye hajawahi kucheza gemu huenda hamjui Heihachi Mishima. Lakini kama ana mtoto wa kiume anayepita kwenye banda la gemu akitoka shule, mtoto huyo anamjua vizuri. Ni mzee wa Kijapani mwenye nywele zilizosimama pande mbili za kichwa kama pembe, anapigana kwenye gemu ya Tekken, na umri wake hauhesabiki.

Tekken ya kwanza ilitoka mwaka 1994. Heihachi alikuwa na miaka 52. Mwaka 1995 ikaja Tekken 2, akawa na miaka 54. Tekken 3 ikatoka mwaka 1997, yaani miaka miwili tu baadaye kwa kalenda yetu, na yeye akawa na miaka 73. Kwenye Tekken 4 ya mwaka 2001 ana miaka 75. Hapo akasimama. Tekken 7 ilipotoka mwaka 2015 alikuwa bado ana miaka 75. Kwa maneno mengine, kuna miaka miwili aliyoongeza umri wa miaka 19, na kuna miaka 14 ambayo hakuongeza hata siku moja.

Kwa mtu mzima hiki ni kichekesho tu. Kwetu mwaka jana hakikuwa kichekesho, kwa sababu mtoto wa dada yangu, mwenye miaka sita, aliitumia hesabu hiyo kuelewa kifo cha babu yake.

Baba yangu alifariki akiwa na miaka 75. Alikuwa na shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi, na mwishoni moyo ukashindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na miezi ya mwisho hakuweza kutoka chumbani hadi barazani bila kuketi njiani. Alipofariki, mwili ulikaa mochwari siku nne kusubiri ndugu wa mbali, kisha tukamsafirisha kwenda Moshi kumzika.

Kila aliyekuja msibani alikuwa na neno la kumfariji mtoto. Mmoja alimwambia Babu amelala. Mwingine, Babu amesafiri. Mwingine, Babu amepumzika. Katikati ya hayo akawasikia wajomba wakizungumzia friji ya hospitali. Mtoto alinyamaza. Tuliona tu kwamba usiku hataki kulala. Akisinzia anashtuka na kukaa.

Jioni ya kuamkia maziko alinivuta kanga.

"Mamdogo, wakishamfukia, akiamka atatokaje?"

Nilimuuliza nani kamwambia Babu ataamka.

"Nina aliamka," akasema.

Ilibidi kaka yake, mwenye miaka 13, anieleze Nina ni nani. Nina Williams ni mpiganaji mwingine wa Tekken. Kwenye gemu ya kwanza ana miaka 20, kwenye ya pili 22. Baada ya hapo hadithi inasema aliwekwa kwenye usingizi wa baridi kwa ajili ya majaribio ya kisayansi, akalala miaka 19. Kwenye Tekken 3 anaamka. Kumbukumbu zake zimepotea, lakini mwili wake bado ni wa msichana wa miaka 22. Kwenye Tekken 4 anaingia kijana wa miaka 21, bondia anayeitwa Steve Fox, na inakuja kujulikana kwamba ni mwanawe, aliyepatikana kwa mbegu zake wakati yeye amelala. Mama na mtoto wanakaribia kuwa rika moja.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtoto wa miaka sita. Ameambiwa Babu amelala. Amesikia Babu yuko kwenye friji. Anamjua mtu mmoja aliyelazwa kwenye baridi, na mtu huyo aliamka hata kuzeeka hakuzeeka. Halafu anaona watu wazima wanachimba shimo. Kila alichokijumlisha kilikuwa sahihi kwa maneno aliyopewa.

Wanaoshughulika na saikolojia ya watoto husema mtoto hajifunzi kifo kwa mara moja. Anajifunza kwa hatua: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi zote, na kwamba kila aliye hai siku moja hufa. Wengi hufika hapo kati ya miaka mitano na saba, wengine baadaye. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita yuko njiani. Neno analopewa wakati huo analichukua kama lilivyo. Ukimwambia kifo ni usingizi, anaweza kuanza kuogopa kitanda chake. Ukimwambia Babu amesafiri, anaweza kusubiri basi.

Nilikaa naye kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, nikamwambia: "Babu hajalala. Babu amefariki. Moyo wake umesimama. Hapumui, haoni giza, hasikii baridi wala maumivu. Hawezi kuamka. Wewe ukilala, moyo wako unaendelea kupiga usiku kucha, ndiyo maana asubuhi unaamka."

Aliuliza kuhusu friji. Nikamwambia friji ya hospitali inatunza mwili usiharibike mpaka ndugu wafike. Haimfanyi mtu aishi.

Akaweka mkono kifuani kwake, kimya, muda mrefu. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Usiku ule alilala.

Kaka yake hakulia, ila alikuwa na swali lake, na lilikuwa zuri. Aliniuliza kama usingizi wa Nina hauwezekani kabisa, maana ameona kwenye simu kwamba madaktari hugandisha viinitete. Ni kweli. Mwaka 1984 huko Australia alizaliwa mtoto wa kwanza kutokana na kiinitete kilichowahi kugandishwa, na leo ni tiba ya kawaida kwa wanaotafuta mtoto kwa kupandikizwa. Lakini kiinitete ni chembe chache sana, mtu mzima ana viungo vingi vyenye maji, na maji yakiganda ndani ya chembe za mwili huziharibu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kugandishwa mzima, akakaa miaka, kisha akaamshwa.

Baada ya matanga mdogo alirudi na hoja nyingine. Heihachi naye hufa, halafu anarudi. Hapo pia hakuwa anasema uongo. Tekken 5 inaanza kwa tangazo kwamba Heihachi amekufa kwenye mlipuko, kumbe yu hai. Mwisho wa hadithi ya Tekken 7, mwanawe Kazuya anamtupa kwenye uji wa moto wa volkano. Oktoba 2024 akaongezwa tena kwenye Tekken 8, mzima wa afya.

Safari hii sikumjibu kwa maneno. Nilichukua daftari, nikachora safu tatu: mwaka gemu ilipotoka, umri wa Heihachi, umri wa Babu. Baba alizaliwa mwaka 1949, kwa hiyo watoto wenyewe walitoa na kujumlisha. Mwaka 1994 Heihachi ana 52, Babu 45. Mwaka 1997 Heihachi ana 73, Babu 48. Mwaka 2001 Heihachi ana 75, Babu 52. Mwaka 2015 Heihachi ana 75, Babu 66.

Safu ya Heihachi ilikuwa inaruka na kusimama. Safu ya Babu ilikwenda sawasawa na miaka, bila kuruka. Mama yangu alikuwa anachambua mchele pembeni. Akaanza kujazia, bila kuombwa, Babu alikuwa anafanya nini kila mwaka. Mwaka 1997 alikuwa juu ya paa anabadilisha mabati, akateremka na gunzi la mahindi mdomoni. Mwaka 2001 alimbeba mama yenu mgongoni kuvuka maji ya mvua, viatu vya shule mkononi. Mwaka 2015 alianza kutumia fimbo, akakataa kabisa kuiita fimbo, akasema ni ya kufukuzia mbwa. Watoto walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili kusikia kicheko ndani ya nyumba ile.

Mkubwa alitaka kujua kwa nini mzee wa gemu ana miaka 75 na anarusha watu, wakati Babu wa miaka 75 alishindwa ngazi tatu. Hili lilikuwa la fani yangu. Tukishapita miaka 30 na kitu, misuli huanza kupungua polepole, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi. Mishipa ya damu hukakamaa. Mazoezi, chakula bora na kutumia dawa za presha kila siku vinasaidia sana, na wapo wazee wa miaka 75 wanaolima. Lakini hakuna mwili unaosimama kwenye umri mmoja miaka 14. Babu hakuwa dhaifu kuliko Heihachi. Babu alikuwa na mwili.

Kwa nini basi watengenezaji wanachezea umri namna hii? Si siri kubwa. Kampuni ikitaka kuingiza kizazi kipya, inarusha hadithi miaka 19 mbele. Ndivyo alivyoingia Jin Kazama kwenye Tekken 3, akiwa na miaka 19. Lakini wateja bado wanawataka wapiganaji wao wa zamani, kwa hiyo mmoja anagandishwa, mwingine anafufuliwa, na mwingine anabaki na nguvu zake uzeeni. Baada ya hapo hadithi inatambaa. Jin ana miaka 21 kwenye Tekken 4 ya mwaka 2001, na bado ana 21 kwenye Tekken 7 ya mwaka 2015. Sura inayouza haiachwi izeeke.

Mkubwa alikwenda mbali zaidi. Alitafuta ni nani anayetoa sauti ya Heihachi, akarudi kwangu na simu mkononi. Daisuke Gori, aliyekuwa sauti yake kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 57. Unsho Ishizuka aliyempokea alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 67. Mzee wa kwenye skrini ana miaka 75. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyefika umri huo.

"Kwa hiyo anayerudi ni picha tu," akasema. Sikuwa na cha kuongeza.

Dada yangu aliniuliza kama awakataze gemu. Alichoamua mwenyewe ni kuanza kuangalia umri mwingine, ule ulioandikwa kwenye kasha. Huo hauhusu mhusika, unahusu mchezaji. Tekken 7 imepewa 16 na mfumo wa Ulaya uitwao PEGI, ulioanza mwaka 2003. Mfumo wa Marekani, ESRB, ulioanza mwaka 1994, umeiweka kundi la vijana kuanzia miaka 13. Hata wao hawakukubaliana, lakini wote wawili wanasema si ya mtoto wa miaka sita. Tatizo ni kwamba kwenye banda la gemu kasha halionekani. Mtoto analipia muda wake, anapewa kiti, na mdogo wake anasimama nyuma anaangalia. Mzazi akitaka kujua, aandike jina la gemu kwenye simu pamoja na PEGI au ESRB. Jibu linakuja mara moja.

La pili ni kumuuliza mtoto anachokiona. Si kumhoji, kumuuliza kama unavyomuuliza kuhusu mechi: huyu ana miaka mingapi, mbona hazeeki, alikufa lini, alirudi vipi? Majibu yatakuonyesha anachofikiri kuhusu mwili, uzee na kifo kabla msiba haujakulazimisha kuuliza.

La tatu ni msibani penyewe. Tumia neno "amekufa" au "amefariki". Lina ukali, ila halimdanganyi. Na kama wiki zinapita mtoto bado hataki kulala, hali vizuri au anakataa shule, mpeleke kituo cha afya ukaeleze, kama ambavyo ungempeleka kwa homa isiyokatika.

Mdogo sasa ana miaka saba. Bado anasimama nyuma ya kiti cha kaka yake, ingawa dada amepunguza siku. Lile daftari analo yeye, na ameongeza safu ya nne yenye jina lake, mwaka mmoja mmoja, mpaka amejaza ukurasa. Kwa hesabu yake, baada ya miaka 14 atakuwa na 21, sawa na Jin. Mwaka unaofuata atampita.