Kumbe Maiki Ilikuwa Wazi!

Wadau, juzi nimeumbuka laivu kwenye kikao cha Zoom. Maza kapiga simu anauliza hela ya kodi, nikamjibu, "Mama vumilia, bosi mwezi wa pili huu hajatulipa." Kikao kizima kimya. Kumbe maiki iko wazi! Nikahangaika na mausi natafuta pa kuizimia, jasho linanitoka.

Sasa nimeshika adabu. Kwenye Windows, bonyeza Alt na A kwa pamoja, maiki inazimika. Ukitaka kuchangia kidogo, shikilia kitufe cha spesi, ongea, ukiachia inazimika tena.

Jioni ile mshahara ukaingia, wa ofisi nzima. Wenzangu wananishukuru pembeni, ila bosi hanisemeshi mpaka leo. Wewe ungeomba msamaha?