Madaftari 280 na miaka 36 mbele yangu

Sisi huku Malimbe tupo, tunasukuma siku. Jua la Mwanza mnalijua, na upepo wa ziwa unakuja ukijisikia.

Leo naomba tuongelee jambo ambalo sisi watu wa elimu tunalikwepa. Ajira tunaijadili usiku na mchana: zitatoka lini, nani atapangiwa wapi. Sasa ukishaipata, utadumu nayo vipi? Nimepiga hesabu. Kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60. Nikiajiriwa nikiwa na 24, ni miaka 36 ya chaki. Rafiki yangu mmoja anayesoma sheria akanicheka: "Dada, hata injini ya kivuko inafanyiwa matengenezo."

Nilicheka naye, ila BTP ya mwaka huu imenifungua macho. Nilipewa Kiswahili, Kidato cha Pili, mikondo minne, kila mkondo wanafunzi kama 70. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa yamefurika, na mimi nafurahi, maana wapo watoto ambao ada ingewaacha nyumbani. Lakini daftari halijisahihishi lenyewe. 70 mara 4 ni 280. Kila daftari ukilipa dakika 3 tu, ni saa 14! Hapo hujaandika andalio la somo, hujashika zamu, na wewe mwenyewe hujala. Wiki ya pili nikawa naota wino mwekundu. Msicheke jamani.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kama hali inayotokana na kazi, si kama ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yako, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha. Mwalimu anayewachukia wanafunzi wake sote tumewahi kukutana naye. Huenda naye alianza kama sisi, na ndoto kibao.

Pale shuleni alikuwepo Madam mmoja, ana miaka zaidi ya 20 kazini, na somo lake linafaulisha. Siku moja nikamwamkia, "Shikamoo Madam," akaitikia huku anaangalia rundo langu la madaftari. Akaniuliza: "Mwanangu, unataka kufundisha wiki nane au mpaka ustaafu?"

Yeye insha anasahihisha mkondo mmoja kwa wiki, kwa kina. Maswali mafupi wanafunzi wanabadilishana madaftari, majibu yako ubaoni, yeye anapita katikati akikagua. Ijumaa anatoka getini na mkoba mtupu. Jumamosi ni kwaya, na humpati kwa simu. Nilidhani ni uvivu uliovaa miwani, kumbe ndiyo siri ya yeye kuingia darasani Jumatatu akiwa anatabasamu.

Halafu nikawafikiria wavuvi wetu wa dagaa. Usiku wa giza ukiangalia ziwani utaona taa zao kama mji mwingine. Dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa haifui dafu, basi siku hizo wengi hawaingii majini. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala. Hakuna anayewaita wavivu, na dagaa sokoni Kirumba tunawakuta.

Na yupo jirani yetu wa kule Butiama, Mwalimu Nyerere. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya kufundisha Pugu na siasa, akaacha kufundisha. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, akamwachia Kawawa uwaziri mkuu ili aende kuijenga TANU. Desemba mwaka huohuo akawa Rais. Na katikati ya mambo yote hayo akatafsiri Shakespeare: Julius Caesar ikatoka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Rais wa nchi changa, na bado anakaa na maneno! Mimi najifunza mawili hapo. Kutua mzigo mmoja ili ubebe mwingine si kushindwa. Na mwenye kazi nzito anahitaji kitu kingine cha moyo wake.

Ila tusidanganyane, kwaya haijengi madarasa. Watoto 70 kwa mwalimu mmoja ni wengi hata mwalimu huyo angelala saa kumi. Wanatakiwa walimu zaidi, na walimu wapo mtaani na vyeti vyao, wanasubiri. Kwa hiyo mtu akituambia "jifunze kuvumilia" tumwitikie kwa heshima, halafu tuendelee kudai wenzetu waajiriwe.

Kwa upande wangu nimeshajipangia: jioni mbili kwa wiki ni za ziwa, natembea ufukweni bila daftari wala simu. Bado naitaka hii kazi, naitaka sana. Nataka tu mtoto wa mwaka wangu wa 36 apate mwalimu mzima kama yule wa mwaka wa kwanza.

Haya, na nyie wa uuguzi, uhandisi, uhasibu, mwenzenu nafsi mnaipumzishaje? Semeni tuibe maarifa. UE njema!